KARATA ZA MAZIMWI, NA KOSA LA KUHUKUMU USICHOKIJUA



Kabla ya yote yanipasa kukiri kosa. Mwaka uliopita, katika darasa letu la baada ya Isha, niliulizwa juu ya karata mpya zichezwazo na vijana wetu walioko Nairobi, zenye picha za wachawi, majoka na mazimwi. Sikuuliza zinachezwaje. Nilijibu papo hapo: karata ni kamari, na kamari ni haramu. Mmoja wa waliosikia alikuwa bwana akaaye Kilimani, aliyekuja pwani kwa mapumziko. Aliporejea kwake alizitwaa karata za mwanawe wa miaka kumi na saba akazichoma moto uani. Tangu siku ile kijana humwamkia babaye, wala hamwambii neno jingine.

Habari hii ilinifikia nilipokuwa Nairobi. Baada ya kusali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, katikati ya mji, nalikwenda Westlands, kwenye nyumba wakutanikapo vijana hao siku za Jumamosi. Nalikaa nao hata Alasiri. Hapo ndipo nilipojifunza lile ambalo lingalipasa kutangulia jawabu langu. Kwani wanazuoni wametufunza kwamba hukumu ya kitu hufuata ujuzi wa kitu chenyewe.

Mchezo huu waitwa Magic: The Gathering. Ulibuniwa na Richard Garfield, mwalimu wa hisabati wa Kimarekani, ukauzwa mara ya kwanza mwaka 1993. Karata huuzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pakiti iliyofungwa, usiyojua ndani mna nini. Njia ya pili ni fungu lililokwisha kupangwa. Katika namna ya mchezo iitwayo Commander, ambayo mafungu yake yalianza kuuzwa mwaka 2011, kila fungu lina karata 100. Moja ndiyo jemadari, na orodha ya zote hutangazwa. Mnunuzi aweza kuisoma orodha hiyo kabla hajatoa pesa yake. Kila mara hutoka mafungu mapya, na hayo ndiyo waliyokuwa wakiyazungumza vijana siku ile.

Sasa tutazame mambo mawili.

La kwanza ni uchawi. Wako wasemao kwamba jina na picha zatosha kuharimisha. Lakini uchawi ulioharimishwa ni kuutenda au kuutaka msaada wake. Kijana aliyeshika picha ya zimwi haliombi wala haliogopi. Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi na majini kabla ya kulala, na hakuna aliyesema kuwa walikuwa wachawi. Iwapo picha fulani ina uchi au dharau ya dini, na iwekwe kando kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya zimwi.

La pili ni kamari, na hili ndilo zito. Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, imeiharimisha kamari pamoja na ulevi, ikataja na sababu: hutia uadui baina ya watu, na kuwazuilia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Katika kanuni za mwanzo za mchezo huu kila mchezaji aliweka karata yake moja rehani, na mshindi akazichukua. Hiyo ilikuwa kamari wazi, na wenyewe waliiacha miaka michache baadaye. Basi imebaki ile pakiti iliyofungwa. Muuzaji atasema: mnunuzi hakosi kitu, kwani idadi ya karata ni ile ile. Ni kweli; lakini mnunuzi hakutoa pesa kwa ajili ya idadi. Ametoa kwa ajili ya ile moja adimu, na zilizobaki huzitupa. Mwaka 2023 ilitiwa katika pakiti karata moja pekee duniani ya Pete ya hadithi za Tolkien, na ikatangazwa kununuliwa na mwimbaji Post Malone kwa kiasi cha dola milioni 2. Je, waliorarua pakiti kuitafuta walikuwa wakinunua karatasi, au wakicheza pata potea? Mimi naona hiyo ni biashara ya ghushi la tamaa, na kijana wa Kiislamu ajiepushe nayo.

Ama fungu lililopangwa, hukumu yake ni nyingine. Bei yajulikana, na kitu chajulikana. Kweli, baadhi ya mafungu ya mwaka 2023 na 2024 yalitiwa ndani yake kijipakiti cha karata mbili zisizojulikana. Lakini hicho ni kifuasi, na kisichojulikana kikiwa kifuasi kidogo husamehewa, kama ununuavyo nyumba bila ya kuuona msingi wake.

Na uchezaji wenyewe? Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamepambanua baina ya mchezo utegemeao kubahatisha, kama dadu, na ule utegemeao hisabu na fikira, kama sataranji, ambao kwao ni makuruhu usipokuwa na rehani. Katika mchezo huu karata huchanganywa, kwa hiyo bahati imo; lakini niliyoyaona Westlands mengi yalikuwa ni fikira. Basi naona u karibu zaidi na sataranji: hauna sifa, wala si haramu, maadamu hauna dau, haupotezi sala, wala hauli pesa ya masomo.

Ikiwa ni hivyo, mali iliyochomwa ilikuwa mali halali ya kijana baleghe, na aichomaye mali ya mtu yampasa kuilipa, hata akiwa mzazi. Mwenye kuwasha moto ni baba, lakini kiberiti kilitoka kinywani mwangu. Kwa hiyo nalikwenda Kilimani nikasema hayo mbele ya wote wawili, nikatoa nusu ya thamani.

Kijana akanirudishia pesa. Akasema, “Sheikh, mimi sitaki karata. Nataka kuulizwa kabla ya kuchomewa.” Kisha akauliza kwa adabu: mbona hakuna aliyezichoma simu ambazo watu wazima hubetia mipira barazani? Sikuwa na jawabu, kwa kuwa baraza hizo nazijua, na baadhi ya wenyewe husali nyuma yangu. Kubeti kule ni kamari isiyo na shaka, nasi twaipita kwa salamu. Tukakimbilia karata za mtoto kwa sababu mtoto hana wa kumtetea.

Baba yake alinyamaza. Hata naandika haya bado hajamwomba radhi mwanawe, na mimi simlaumu peke yake, kwani aliniamini. Enyi wazazi, kaeni na wana wenu wakicheza, muulize, ndipo mhukumu. Nasi tuulizwao, na tujifunze kusema “sijui, nipe siku mbili.” Neno hilo lingaliokoa nyumba moja.

Wabillahi tawfiq.