Kipofu Ana Nini Juu Yetu?

Twawauliza ndugu zetu: kipofu asimamaye mlangoni mwa msikiti ana nini juu yetu? Wengi watajibu upesi kuwa ana sadaka. Nasi tulikuwa miongoni mwa wajibuo hivyo, mpaka tulipokwenda Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, tukashukia mtaa uitwao Huruma.

Jioni moja tulikuwa tukisomesha tafsiri nyumbani kwa mwenyeji wetu. Akaingia mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari, asomeshaye historia, ambaye haoni tangu utotoni. Akakaa na simu mkononi na kisikizi katika sikio moja, kidole chake kikitambaa juu ya kioo. Tukakunja uso. Tukasema mbele ya watu kuwa elimu haichanganywi na mchezo. Bwana yule hakukasirika. Alikitoa kile kisikizi akatupa tusikie. Ilikuwa ni aya ile ile tuliyokuwa tukiieleza, simu ikimsomea maelezo yake kwa kasi ambayo masikio yetu hayakuiweza. Sura ya Abasa tumeihifadhi tangu chuoni, na kisa cha Ibn Ummi Maktum twakisomesha kila mwaka. Saa ile hatukukumbuka hata aya moja.

Asubuhi tulifuatana naye. Fimbo yake nyeupe ilimwonyesha mtaro ulio wazi kabla ya sisi wenye macho kuuona. Noti zilizotoka mwaka 2019 zina mistari iliyoinuka pembeni, nazo huzitambua kwa kidole. Zamani ujumbe wa M-Pesa ulipoingia alimpa mtoto wa jirani amsomee, na mtaa mzima ukajua ana kiasi gani; sasa simu humnong'oneza mwenyewe. Kazi za skuli huziandika kwa kompyuta yenye programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili vipofu wa Australia, Michael Curran na James Teh, nao huitoa bure kwa amtakaye.

Basi ni nini kimshindacho? Tulidhani atasema giza, au pikipiki. Akasema: picha. Ofisi humpiga picha barua akatumiwa simuni, na simu isomayo herufi husema tu kwamba hapa pana picha. Ziko njia za kuzitoa herufi pichani, lakini picha ikiwa imepinda au imefifia, hutoka maneno yasiyoeleweka. Hapo msomi yule hurudi kumwita mtoto amsomee barua ya mshahara wake. Tukanyamaza, kwani matangazo ya darasa letu sisi wenyewe hupelekwa vivyo hivyo.

Wako watakaosema kuwa vifaa hivi ni anasa, na kwamba aliyepewa mtihani na Mola wake asubiri. Subira ni njema. Lakini Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua siku ya vita vya Kulab kabla ya Uislamu, alijitengenezea pua ya fedha ikanuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atie ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume! Hakuambiwa akae na harufu apate thawabu. Ikiwa lililokatazwa lilifunguliwa kwa ajili ya pua, twawezaje kuona uzito kwa herufi chache?

Na hili si jambo la hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, imeweka vifaa vya kumvusha mlemavu kuwa ni haki yake. Na sheria mpya ya mwaka 2025 ililetwa Bungeni na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Sadaka hutoka apendapo mtoaji, naye hushukuriwa. Haki ni deni, na mlipa deni hangoji shukrani. Huenda ndiyo sababu ile shilingi ya mlangoni hututoka kwa wepesi, lakini kuliandika tangazo badala ya kulipiga picha, jambo lisilogharimu hata senti, hatukulifanya miaka yote hii.

Tulipoagana tulimwuliza tumletee zawadi gani tutakaporudi. Akacheka, akasema, "Sheikh, tangazo la Idi liandikeni tu."

Tangu mwezi huu matangazo ya darasa letu yatapelekwa kwa maandishi. Mwenye kupokea picha kutoka kwetu atuambie.