Jibu Lililokubali

Mpwa wangu anajiandaa na SAT, mtihani wa Marekani, maana anataka kuomba chuo huko. Hesabu ni maswali 44 kwa dakika 70, na mengi yana majibu manne ya kuchagua. Juzi kakutana na mlinganyo wa kwadratiki. Mpira umerushwa juu, kimo chake kwa mita ni 20t − 5t², t ikiwa ni sekunde. Ukiwa unashuka, utakuwa mita 15 baada ya sekunde ngapi? Machaguo: 1, 2, 3, 4.

Hakukokotoa. Akaweka 1 mahali pa t: 20 kutoa 5, 15. Imekubali. Akatia alama, akasonga mbele.

Nikamwambia huko ni kubahatisha.

"Mjomba, wameuliza jibu, hawajauliza nimefikaje."

Ana hoja, bwana. Sisi kidato cha nne tulitakiwa kuonyesha kazi yote, na mwalimu wetu jibu tupu aliliangalia kama mali ya wizi. Lakini huyu hajadanganya mtu. Amehakiki. Waandishi wangapi wanafika hata hapo?

Ila jibu ni 3. Sekunde ya kwanza mpira unapita mita 15 ukipanda; ya tatu unapita palepale ukirudi. Ukiandika t² − 4t + 3 = 0 na kuikokotoa, majibu yote mawili yanakuja pamoja, na hapo unalazimika kurudi kusoma swali.

Nilinyamaza, maana nilikumbuka stoo moja. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliandika habari ya magunia ya sukari yaliyopotea. Funguo alikuwa nazo mtunza stoo, zamu ilikuwa yake, tarehe zilikubali. Jina sikutaja, lakini mtaa mzima ulimjua. Wiki mbili baadaye ikabainika magunia hayakuwahi kufika. Hati ya mapokezi ilisainiwa ofisini, lori likiwa bado njiani. Maelezo hayo nayo yalikubali, kila tarehe. Tukachapa masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa ndani. Yeye kazi alikuwa ameshapoteza.

Mhariri alinitetea: kila nilichoandika kilikuwa kweli. Ndiyo, kilikuwa kweli. Nilihakiki jibu moja, nikaridhika.

"Sasa nikiandika hatua zote, muda utatosha?" mpwa akauliza.

Kwa maswali 44, pengine hautatosha. Nikamwambia basi, moja likikubali, ajaribu na yale matatu yaliyobaki.

"Yote?"

Yote. Akanuna, akafuta alama yake.