Kukinai kwa Mkusanyaji wa Vichezeo

Neno kukinai lina nyuso mbili katika Kiswahili. Aliyekinai ni mtu aliyeridhika na alicho nacho, asiyenyoosha mkono wala kuonea kijicho mali ya jirani, na twamsifu kwa ukinaifu wake. Lakini aliyekinai ni yule pia aliyekula halua hata ikamchefua, akaisukuma sahani mbali. Neno moja lataja utulivu wa moyo na kichefuchefu. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kuwa hizi ni maana mbili za neno moja, kisha nikapita kwenda neno jingine. Siku hizi sipiti upesi. Chini ya kitanda changu pana sanduku lenye vigari vidogo 212 vya zinki, na kila nikiliona hujiuliza ni kukinai kupi kulikonipata.

Msomaji asilidharau swali hili kwa sababu ya udogo wa vigari. Mtu mzima, mwenye kazi na watu wa kulisha, hutumia miaka kumi au ishirini akitafuta vichezeo. Huvinunua, huvifuta vumbi, huvipanga kwa mwaka na kwa rangi, huamka usiku kuvitazama. Kisha hufika siku akavitazama bila ya kuona kitu. Hakuibiwa, wala vitu havikuharibika. Kilichokuwa hai jana leo ni chuma. Jambo hili ni la kawaida sana miongoni mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na aghalabu huzungumzwa kama ugonjwa mdogo, mithili ya mafua, ambao dawa yake ni kupumzika. Mimi naona kuwa si ugonjwa. Nadhani ni hukumu, na yafaa tuulize ni nani anayehukumiwa.

Sababu zinazotajwa kila siku nitazipitia kwa haraka. Husemwa kuwa nyumba imejaa, kwamba mke au mume amechoka, kwamba fedha zimepungua, kwamba umri umekwenda. Yote hayo ni kweli, lakini yaeleza kwa nini mtu huacha kununua. Hayaelezi kwa nini huacha kupenda. Maskini asiye na nafasi ya kuweka kiti cha pili bado aweza kukipenda kiti chake. Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, na wengi huridhika na jibu hilo: upya umekwisha, unyemi nao umekwisha. Lakini methali hiyo haimfikii vizuri mkusanyaji wa vichezeo, kwa kuwa yeye hakutafuta vipya. Alitafuta vikuukuu. Kigari kilichochubuka rangi kwa mkono wa mtoto wa mwaka 1965 ndicho kilichomtoa machozi.

Vigari vyangu vilitengenezwa na kampuni ya Lesney iliyoanzishwa London mwaka 1947. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, kampuni hiyo iliuza zaidi ya milioni moja ya mifano midogo ya gari lake la farasi, na katika mwaka huohuo ikaanza kutoa vigari vilivyoitwa Matchbox, yaani kiberiti, kwa kuwa kila kimoja kilitiwa katika kisanduku cha karatasi chenye umbo la kiberiti. Husimuliwa kwamba Jack Odell, mmoja wa wakuu wa kampuni, alikuwa na binti aliyesoma katika shule isiyoruhusu kichezeo kisichoenea ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea gari dogo la kushindilia barabara. Lesney ilifilisika mwaka 1982. Nayataja haya kwa ajili ya jambo moja tu: kichezeo hiki kilibuniwa ili kikae katika mfuko wa mtoto, kitoke, kisukumwe mchangani na kirudi mfukoni. Kisanduku kilikuwa cha kutupwa. Leo mnunuzi wa vikuukuu huuliza habari za kisanduku kabla ya kuuliza habari za kigari.

Robert Louis Stevenson, Mskoti aliyeandika kitabu ambacho wazee wetu walikisoma kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina, alichapisha mwaka 1884 insha juu ya michezo ya kuigiza ya karatasi aliyoipenda utotoni mjini Edinburgh. Karatasi hizo zilichorwa mandhari na wahusika. Zisizo na rangi ziliuzwa peni moja, zilizopakwa rangi peni mbili. Mtoto alitakiwa azipake, azikate, kisha aucheze mchezo wenyewe juu ya jukwaa la mezani. Stevenson akiri bila ya haya kwamba raha yake ilikuwa dukani, katika kuchagua na kusoma majina ya michezo, na baadaye katika kupaka rangi. Rangi ilipokwisha kupakwa, kazi ilikuwa imeharibika. Mchezo wenyewe ulimchosha. Siku mbili tu zilitosha kuumaliza utamu wote. Nampenda mwandishi huyu kwa ukweli wake. Yeye alikuwa mtoto bado, lakini mkusanyaji alikwisha kuzaliwa ndani yake. Kwa hiyo tusiseme kuwa watoto wote ni wachezaji na wazima wote ni wakusanyaji. Mpaka haupiti katika umri.

Wapita wapi, basi? Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1940, alikuwa mkusanyaji wa vitabu vya watoto na mpenzi mkubwa wa vichezeo. Mwaka 1928 aliandika kwamba roho ya mchezo ni kurudia. Hili hatuhitaji kufundishwa na Mjerumani, maana kila aliyemsimulia mtoto hadithi alijua. Mtoto aliyesikia jana kisa cha Sungura na Fisi huja leo kukitaka kisa kilekile. Na ukikosea neno moja, atakusahihisha. Kilio chake ni tena. Kilio cha mkusanyaji ni kingine. Hapo ndipo naona mpaka. Anayesema tena hahitaji kupungukiwa na kitu. Kitu kimoja chamtosha, na kila mara akirudiapo hukikuta kizima. Anayesema kingine hula pengo. Hamu yake haiko katika vile alivyo navyo bali katika kile asichokuwa nacho, na kila akipatapo hulijaza pengo lililokuwa likimlisha. Akifanikiwa sana hufa njaa. Lile alitakalo kuliko yote, yaani kukamilisha seti, ndilo adui wa hamu yake.

Zamani pengo hilo lilichukua muda kujazwa. Mtu alizunguka masoko, akaandika barua, akangoja. Tangu mnada wa intaneti wa eBay uanze mwaka 1995, kitu kilichotafutwa miaka kumi chaweza kupatikana kabla ya chai kupoa. Wengi walishangilia. Sidhani kuwa walijua walichokuwa wakikiuza.

Na bei ikiingia, hata pengo huacha kuwa la mwenyewe. Huwa la soko. Katika Marekani, tangu mwaka 1993, kampuni ya Ty iliuza vinyama vya kitambaa vilivyojazwa chembe za plastiki, vikiitwa Beanie Babies. Kampuni ilikuwa na desturi ya kutangaza kwamba aina fulani haitatengenezwa tena, na watu wazima wakakimbilia madukani kuzinunua, wakikifungia kitambulisho cha karatasi ndani ya kifuko cha plastiki kisipate mkunjo, kwa tumaini la kuwasomesha watoto wao kwa fedha zake. Mwaka 1999, mjini Las Vegas, mume na mke walioachana walichuchumaa sakafuni mbele ya hakimu wakigawana vinyama hivyo kimoja kimoja. Haikupita muda bei ikaanguka, na shauku ikaanguka nayo siku hiyohiyo. Tusiwacheke. Lakini hatuna budi kusema kuwa hao hawakupoteza mapenzi. Mapenzi yalikuwa yamekwisha kutoka mlangoni siku walipoogopa mkunjo katika karatasi.

Hapa naweza kuulizwa kama mimi nilikuwa bora kuliko wao. Nitaeleza, ingawa si jambo la kujivunia.

Nilikulia Tanga katika miaka ya 1980, wakati wa uhaba wa bidhaa. Magari yetu tuliyatengeneza wenyewe kwa waya, yakiwa na usukani mrefu wa kusukumia na magurudumu tuliyoyakata katika kandambili zilizochakaa. Yalikuwa magari mazuri, na sisemi hivyo kwa kuwa nimezeeka. Katika mtaa wetu alikuwako mtoto mmoja ambaye baba yake alisafiri, naye alikuwa na Land Rover ndogo ya buluu, yenye mizigo juu ya paa, yenye maneno ya Kiingereza chini ya tumbo. Alituonyesha katika kiganja chake. Niliponyoosha kidole kuyagusa magurudumu alifumba mkono. Hakusema neno. Mtoto yule hakuwa mbaya. Alikuwa na kimoja tu, nasi tulikuwa wanane.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Bayreuth, Ujerumani, nikiandika tasnifu yangu ya udaktari. Jumamosi moja nilipita katika soko la vitu vikuukuu, na pale, katikati ya vijiko na saa mbovu, niliiona Land Rover ileile. Ilikuwa ndani ya kisanduku chake. Nilitoa yuro 3 na mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Laiti ningalirudi chumbani nikaisukuma juu ya meza hata nikachoka! Badala yake Jumamosi iliyofuata nilirudi sokoni. Nilikwenda pia Nuremberg, mji wenye mafundi wa vichezeo tangu karne nyingi, nikaizuru nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1971 kutokana na vitu vilivyokusanywa na mtu na mkewe, Paul na Lydia Bayer. Niliona kuwa hawa waliupata ufumbuzi mmoja: vitu vyao vilipata macho ya watu wengine, na macho hayo kila siku ni mapya. Lakini baina ya macho na vitu pana kioo. Nilisimama mbele ya kioo kile nikihisi niko mtaani kwetu, na sikuelewa kwa nini.

Nilirudi Dar es Salaam mwaka 2013 na vigari 140, nikaendelea kuagiza. Niliviweka katika kabati ya vioo sebuleni. Mwaka 2015 dada yangu alikuja na mwanawe wa miaka sita. Nikiwa jikoni nilisikia mlango wa kabati, nikatoka mbio. Alikuwa ameketi sakafuni na kisanduku cha Land Rover mkononi, ameshaanza kukifungua. Aliniambia kwa adabu, “Mjomba, naomba nichezee kidogo, nitakirudisha.” Nilimpokonya kwa nguvu hata ubavu wa kisanduku ukachanika. Mtoto hakulia. Aliutazama mkono wangu uliofumba.

Shauku haikufa siku hiyo. Nisiifanye hadithi iwe safi kuliko ilivyokuwa. Niliendelea kununua kwa miaka minne, na kwa kasi zaidi, kama mtu anayekunywa maji ya chumvi. Bahasha ya mwisho ilifika mwaka 2019 nami sikuifungua hata mwaka uliofuata. Lakini sasa, nikirudi nyuma, naona kwamba tangu alasiri ile kila kigari kipya kilikuwa kikinijia kikiwa kimekwisha kupoa. Benjamin aliandika mwaka 1931 kwamba vitu haviishi ndani ya mkusanyaji, bali yeye ndiye huishi ndani ya vitu vyake. Ikiwa ni hivyo, mimi nilikuwa nimehama. Nilikuwa nimeishi ndani ya Land Rover ile nikiwa mtoto aliyenyimwa. Nilipokuwa mnyimaji, nyumba haikunikubali tena. Pengo nililodhani nalijaza kwa vigari 212 halikuwa la kigari hata kimoja. Lilikuwa la kiganja kufunguka, na hilo halipatikani mnadani.

Kwa hiyo sikubali kuwa mkusanyaji aliyepoteza hamu amekosa uaminifu kwa vitu vyake, kama wasemavyo wengine kwa majonzi. Vitu havina haki ya kupendwa milele. Mtoto ana haki ya kuchezea, na kichezeo, ikiwa kitu chaweza kuwa na haki, kina haki ya kuchezewa. Huenda kuchefukwa kwa mkusanyaji ni mwili wa akili ukitapika kilichozuiwa kufika mahali pake. Kama baada ya kichefuchefu hicho huja ule utulivu mwingine ambao neno letu lautaja, hilo mimi bado sijalionja.

Mwaka jana nilimpa mpwa wangu sanduku zima. Ana miaka kumi na sita, mrefu kuliko mimi. Alilifungua, akavishika viwili vitatu, akaniambia, “Ahsante sana mjomba, lakini afadhali uviweke mwenyewe, mimi nitavipoteza.” Aliyasema kwa upole wa kweli. Ile alasiri hakuitaja, na sijui kama aikumbuka.

Mwezi uliopita mkusanyaji mmoja wa Ujerumani, ambaye tulikuwa tukibadilishana vitu zamani, aliniandikia akiitaka Land Rover ya buluu. Bei aliyoitaja ni nzuri. Aliuliza kama kisanduku kiko salama, nami nikamjibu kuwa kimechanika ubavuni.