Majibu ya Watu ni Amana ya Nani?



Kabla ya uchaguzi uliopita nilipata kazi ya likizo ya kuhoji watu vijijini, mashariki mwa Uganda, katika utafiti wa mwalimu mmoja kuhusu wapiga kura. Katika nyumba moja mzee alijibu maswali ya maji, bei na barabara kwa sauti ya kawaida. Nilipomuuliza angempigia nani kura, alinyamaza, akageuka kutazama mlangoni, ndipo akajibu kwa sauti ya chini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akikueleza jambo kisha akageuka kutazama, jambo hilo limekuwa amana kwako. Si lazima aseme "usimwambie mtu".

Mwaka jana ndugu mmoja, anayeandika tasnifu, akaniomba faili la majibu yale. Mimi ndiye niliyeyaingiza kwenye kompyuta, na nakala ilibaki kwangu (kwa nini ibaki kwangu? hilo nalo ni swali). Nikamwambia hapana. Akanijibu: "Wale watu waliacha majembe wakakaa na ninyi saa nzima. Ukiyafungia majibu yao, umewadhulumu saa yao. Na kuficha elimu je?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ana haki. Kila msimu wa kura tunasikia wakubwa wakisema "wananchi wanataka hiki." Nani atawahakiki kama majibu ya wananchi yamefungiwa kabatini? Afrobarometer, ulioanza mwaka 1999, huhoji watu 1,200 au 2,400 katika nchi moja, na baada ya muda wa kusubiri takwimu zake huachiwa bure. Mwanafunzi asiye na nauli ya kufika hata wilaya ya pili anaweza kuzichambua na kumpinga profesa. Hiyo ni sadaka kubwa ya elimu.

Lakini hata wao hawaachii ovyo alama za mahali hasa watu walipohojiwa. Anayezitaka huomba na kueleza sababu. Nilielewa kwa nini nilipolifungua tena faili letu. Majina hayamo. Ila kijiji kimo, umri umo, dini imo, kazi imo. Katika kijiji kimoja tulihoji watu wanane tu. Mwanamke Mwislamu, miaka 71, mkunga: wangapi wako pale? Tena hatuingii kijijini kabla ya kumwona mwenyekiti wa LC1, naye aliona kila mlango tuliobisha. Sheria ya Uganda ya 2019 ya ulinzi wa data na faragha imeweka maoni ya kisiasa na imani ya dini katika fungu la taarifa zinazohitaji hadhari ya pekee, na mwenye kuishi kijijini haitaji kufafanuliwa sababu.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi. Dodoso la Afrobarometer humuuliza mhojiwa mwishoni anadhani nani amewatuma wahoji, na wengi hujibu serikali. Sisi tuliliiga swali hilo. Yule mzee naye alijibu, "Serikali." Mwanzoni nilikuwa nimemsomea kwamba ana hiari ya kukataa, naye akasema sawa. Ile "sawa" ilikuwa ya mtu mwenye hiari, au ya mtu aliyeona ni salama zaidi kukubali? Kama ni ya hofu, mimi sina idhini ya kumpa mtu wa tatu, hata awe msomi mwema kama ndugu yangu huyu.

Tulikwenda wote wawili kwa mwalimu, maana faili ni la utafiti wake. Tukaondoa kijiji na kazi, umri tukaupanga kwa makundi ya miaka kumi kumi, tukabakiza wilaya. Ndugu yangu akalipokea huku amekunja uso. Alitaka kujua kama umbali wa kituo cha kura unawazuia kina mama kwenda kupiga kura, na bila kijiji umbali haupimiki. Swali lile ni zuri, na jibu lake lingeweza kuwasaidia kina mama wale wale. Nimelikata kwa mkono wangu.

Nakala yangu nimeifuta. Faili zima liko kwa mwalimu, na anayelitaka atamwandikia jina lake na anachotafuta. Ndugu yangu ameshaandika barua. Bado anasema nilizidisha uoga, na tukikutana baada ya Alasiri tunaendelea na mjadala.