Sechele, Mwongofu Aliyekatiwa Tamaa

Mwanafunzi wa Tanzania akitajiwa David Livingstone hukumbuka Ujiji na Stanley mwaka 1871, au Chuma na Susi walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Wachache wamesimuliwa habari za Sechele, chifu wa Bakwena katika nchi ambayo leo ni Botswana. Huyo ndiye anayetajwa kuwa mwongofu pekee wa mmisionari huyo mashuhuri, na kisa chao kinamfaa kila anayetoka kwenda kuwatafuta waliopotea.

Sechele alipohubiriwa hukumu ya mwisho, alishikwa na hofu. Akauliza: ikiwa babu zenu waliyajua haya, mbona hawakuja kuwaambia babu zetu, ambao wamekufa bila kusikia? Alijiona yuko mbali na Mungu, yeye pamoja na wafu wake. Akajifunza kusoma upesi kuliko ilivyotarajiwa, akawa hashibi Maandiko, hasa kitabu cha Isaya.

Kikwazo kilikuwa mitala. Alikuwa na wake watano, na ndoa hizo zilimuunganisha na koo za wakuu waliomsimamia wakati wa shida. Kuwaacha kulikuwa kuvunja urafiki na kuwafedhehesha wanawake wasio na kosa, ambao baadhi yao walikuwa wanafunzi wazuri wa Livingstone mwenyewe. Hata hivyo aliwarudisha wanne kwao, akabatizwa tarehe 1 Oktoba 1848. Watu walilia kana kwamba wamefiwa. Ukame ulikuwa umekaza, na chifu wao, aliyesifika kwa kuleta mvua, alikuwa ameiacha kazi hiyo.

Mwaka 1849 ikajulikana kwamba mmoja wa wake aliowaacha ana mimba yake. Sechele hakukana. Alikiri, akamsihi mwalimu wake asimkatie tamaa. Livingstone alimtenga na Meza ya Bwana, kama kanuni ilivyotaka. Lakini baada ya hapo macho yake yalielekea kaskazini. Mwaka huohuo alisafiri hadi Ziwa Ngami, na kufikia 1852 alikuwa amekihama kituo chake cha Kolobeng moja kwa moja, akiamini kwamba kwa Sechele kazi yake haikuzaa.

Mwaka huo wa 1852 Makaburu waliwashambulia Bakwena, wakaua watu na kuteka wanawake na watoto. Mmisionari hakuwapo. Hata hivyo chifu aliyetengwa aliendelea kuongoza ibada na kuwafundisha watu wake kusoma, na Neno likaenea. Wamisionari waliokuja baadaye walimlaumu kwa kuchanganya imani na mila, na lawama hiyo ilikuwa na msingi. Lakini hadi anafariki mwaka 1892, hakuiacha Biblia.

Kosa la Livingstone halikuwa kuiita dhambi dhambi; alikosea kwingine. Kwanza, alikubali toba ambayo gharama yake kubwa ililipwa na wanawake waliofukuzwa. Pili, mtu alipoanguka na kukiri, aliliona anguko tu, asione kwamba kukiri kwenyewe ni tunda la injili. Tatu, aliondoka wakati ambapo mwanafunzi wake alimhitaji zaidi.

Makosa hayo tunayarudia. Mkutano wa injili ukiisha, tunatangaza idadi ya waliokata shauri, ila hatumpangi mtu wa kuwatembelea mwezi unaofuata. Binti akipata mimba anaondolewa kwenye kwaya siku ileile, na pengine aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Mlevi aliyeokoka akirudi kilabuni jioni moja, tunasema tulijua tu. Mtu wa namna hiyo tayari moyo wake unamwambia kwamba Mungu amemkataa. Kimya cha wapendwa kinauthibitisha uongo huo.

Kanisa lina haki ya kumrudi aliyekosa, na tena lina wajibu. Basi anayetengwa aambiwe siku hiyohiyo kutengwa kwake kutaisha lini na kwa njia gani, na ateuliwe mzee wa kanisa atakayebisha hodi kwake kila wiki mpaka siku hiyo. Kabla ya kumdai mtu toba, tuulize ni nani mwingine atakayeumizwa nayo, naye tumtunze. Na mtu akija mwenyewe kusema nimeanguka, tusimwandike katika hesabu ya walioshindwa. Aliyepotea kabisa haji kukiri.