Sifa ya Mwendo ni ya Nani?

Jioni moja, tulipokuwa tukirudi kutoka shuleni, kijana mmoja wa hapa kwetu Boko alisimamisha motokaa yake kando yetu, akatuamkia kwa adabu, kisha akatuonyesha mali yake. Ni Altezza, kazi ya kampuni ya Toyota ya Japani, nayo haikuongezwa kitu tangu itoke kiwandani. Akasema kwamba usiku uliotangulia alishindana na mwenzake katika barabara ya Bagamoyo, akamwacha nyuma. “Mwalimu,” akauliza, “hapakuwa na mtu njiani. Kosa langu liko wapi?”

Twakiri kwamba hatukumjibu upesi. Kukemea ni kazi nyepesi kwa mwalimu, na kijana hutii kwa midomo tu, akaenda zake. Basi tulikaa na swali lile siku kadhaa.

Hatuwezi kusema kwamba kushindana mbio ni uovu. Watu wa Lamu hushindana kwa punda, na wavuvi wa pwani kwa ngalawa, nasi huenda kuwatazama kwa furaha. Tena katika mwaka 1953 yalianza mashindano makubwa ya motokaa ya Afrika Mashariki, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili. Nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa magari ya namna iuzwayo madukani. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, akasifiwa na wengi.

Lakini yule kijana wetu alisema, “Nimeshinda.” Hapo ndipo tuliposita. Nguvu za gari lile zilifanywa na mafundi wa Japani. Yeye alilinunua, akakanyaga. Amshindaye mwenziwe kwa ukubwa wa injini, amemshinda kwa nini, ila kwa fedha?

Huko Marekani jambo hili walilifikiri. Mwaka 1950 vijana wa California walianza kushindanisha magari yao Santa Ana, katika kiwanja cha ndege, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama chao, NHRA. Umbali wa desturi ulikuwa robo maili, yaani mita 402, njia iliyonyooka. Nao wana namna moja ya mashindano iliyotupendeza sana. Kila mtu hutangaza kwanza muda ambao gari lake litatumia. Lile la polepole huruhusiwa kuondoka mbele, kwa kadiri ya tofauti ya muda waliotangaza. Kisha, akimaliza mtu upesi kuliko alivyotangaza, kwa kawaida huhesabiwa ameshindwa! Basi mwenye gari kuukuu aweza kumshinda tajiri, maana hapo hutafutwa mtu aliye macho taa inapowaka, anayeijua mali yake, na aliyesema kweli juu yake. Sifa ya namna hiyo twaweza kumpa mtu bila kusitasita.

Limebaki lile neno, “hapakuwa na mtu.” Alijuaje? Sheria yetu huweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa penye makazi. Gari liendalo 100 hupita karibu mita 28 katika sekunde moja, kabla mguu haujafika kwenye breki. Na breki ikisha kushika, gari hilo huhitaji nafasi mara nne ya liendalo 50, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Gizani kuna mama anayetoka kuwasha jiko la maandazi, kuna mwenye baiskeli asiye na taa. Kutomwona mtu si sawa na kutokuwapo mtu. Kijana akiweka rehani gari lake, ni lake. Lakini usiku ule aliweka rehani na uhai wa yule mama, bila kumwuliza.

Tulipokutana tena tulimweleza haya yote. Alisikiliza, wala hakubisha. Habari ya kutangaza muda ilimchekesha, akasema kwamba hata yeye hajui gari lake lingetumia sekunde ngapi. Kisha akatuuliza, kwa upole kabisa, kiwanja cha namna hiyo kiko wapi hapa Boko, naye aje kesho. Tukatazama pamoja naye huku na huku: nyumba, maduka, kituo cha basi, na barabara.