Afraha: kushukuru bila kukumbuka

Kijana anayeteremka kutoka Dundori kutazama mpira katika uwanja wa Afraha, Nakuru, haambiwi kwamba mapema mwaka 2008 uwanja huo ulihifadhi wakimbizi wa ndani wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Aprili 16, 2016, baada ya kesi za The Hague kuhusu ghasia hizo kuporomoka, Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa washtakiwa, walifanya hapohapo maombi makubwa ya shukrani. Kushukuru si dhambi. Lakini walioshukuru ni walioponyoka kesi. Waliofiwa hawakuwa na kesi ya kuponyoka. Msamaha una sharti lake: kosa litajwe kwanza, na aliyekosewa ndiye alitaje. Ndiyo maana manusura wa makabila yote wangestahili kuwatembeza wageni uwanjani, kabla ya mechi, wakionyesha familia zilipolala.

Watu watasema tunatonesha vidonda, na hofu hiyo si ya kupuuzwa: majirani wanauziana viazi leo kwa sababu wamenyamaza. Ila kimya hicho ni cha sokoni tu. Nyumbani, kila kabila linawasimulia watoto wafu wake tu, na uchaguzi ukikaribia, hesabu za wafu hao hutolewa. Afadhali mtoto asikie wafu wa pande zote, mahali pamoja, bila kiingilio.